Lindi isiuze madini ghafi shambani na kuyanunua upya kwenye chupa

MSIMU wa mauzo ya korosho unapofunguliwa mkoani Lindi, kwa kawaida mwezi Oktoba, fedha huanza kuzunguka kutoka vijijini hadi mitaa ya Manispaa ya Lindi, kata ya Mtanda ikiwamo. Wauza mabati, wauza pikipiki na wauza vitenge hufuata fedha hizo. Siku hizi wamo pia wauza virutubisho. Hupanga meza, hupima presha bure, kisha humwonyesha mteja chupa ya vidonge vyenye magnesiamu, potasiamu na kalsiamu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kumhakikishia kwamba akimaliza dozi ataachana na dawa za hospitali.

Ahadi hiyo ya mwisho ni hatari kwa maisha ya mkulima na pia kwa uchumi wake. Hata hivyo, kuipuuza habari nzima ya madini na presha nako ni kosa, kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Ni vyema ukweli huo ukatenganishwa na biashara, hasa katika mkoa ambao ufuta, korosho, mbaazi na chumvi ndivyo vinavyojenga nyumba na kulipa ada.

Ukubwa wa tatizo si wa kutiliwa shaka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 26 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Kabla ya hapo, utafiti uliofanyika Ilala na Hai katika miaka ya 1990 na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba kati ya wenye tatizo hilo, chini ya mmoja kati ya watano alijua kuwa analo, na waliokuwa wameidhibiti presha yao hawakufika hata asilimia moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 1.4 duniani walikuwa na tatizo hilo, na ni kama mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amelidhibiti.

Kwa mkulima wa korosho, maana ya takwimu hizo ni rahisi kueleweka. Kiharusi hakichagui msimu. Kikimpata mtu wakati wa kupulizia dawa ya ubwiriunga, mikorosho haitamsubiri apone. Mwenye nguvu anageuka mgonjwa, mke au binti anaacha shamba ili amuuguze, na fedha za pembejeo za mwaka unaofuata zinaishia kwenye nauli na matibabu. Presha ni ugonjwa wa zahanati, lakini hasara yake huonekana kwenye ghala.

Nguvu ya vidonge ni kiasi gani

Swali la kwanza ambalo mnunuzi yeyote anapaswa kuuliza ni hili: bidhaa hii inafanya kazi kwa kiwango gani, na kwa bei gani?

Magnesiamu ndiyo inayotangazwa zaidi. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Hypertension lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 34 yenye washiriki 2,028. Kwa wastani walikuwa wakimeza miligramu 368 za magnesiamu kwa siku kwa muda wa miezi mitatu. Presha ya juu ilishuka kwa vizio 2 na ya chini kwa vizio 1.78. Ilishuka, ndiyo, lakini kidogo. Kidonge kimoja cha kawaida cha hospitali kwa dozi ya kawaida hushusha presha ya juu kwa vizio 9 hivi. Kwa mantiki hiyo, mtu mwenye presha ya juu ya 170 anayetegemea magnesiamu peke yake anaweza kujikuta kwenye 168, yaani pale pale penye hatari, isipokuwa sasa anajiona amepona.

Kalsiamu ina habari yake, tena yenye mizizi nchini Tanzania. Tangu mwaka 2013 WHO imekuwa ikishauri wajawazito wa maeneo yenye upungufu wa kalsiamu kwenye chakula wapewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ili kuwakinga na presha ya ujauzito inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Mwezi Januari 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya majaribio mawili, moja la Dar es Salaam na jingine la Bangalore nchini India, kila moja likiwa na wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza. Matokeo yalionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia presha hiyo. Huo ni ushahidi mzito, na unapunguza gharama kwa Serikali. Lakini unahusu wajawazito walio chini ya uangalizi wa kliniki. Hauhusu mzee wa miaka 60 anayenunua chupa mnadani.

Potasiamu ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi. Husaidia figo kutoa sodiamu ya chumvi na kulegeza mishipa ya damu. WHO inashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku kutoka kwenye chakula. Vidonge vingi vya potasiamu vinavyouzwa Marekani bila cheti cha daktari havizidi miligramu 99 kila kimoja, wakati ndizi moja ya wastani ina zaidi ya 400. Anayenunua chupa ya vidonge vya namna hiyo analipa bei ya dawa kwa kitu ambacho robo ya ndizi ingempatia.

Kipimo hicho kidogo kina sababu yake. Potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama. Mwenye figo zisizofanya kazi vizuri hawezi kuitoa ya ziada. Aidha, baadhi ya dawa za presha zinazotumika sana nchini, kama vile captopril, enalapril, losartan na spironolactone, huifanya potasiamu ibaki mwilini. Mgonjwa anayezitumia kisha akaongeza vidonge vya potasiamu kwa ushauri wa muuzaji anacheza na moto. Presha yenyewe huharibu figo kimya kimya, kwa hiyo wengi wanaoshawishiwa kununua ndio hasa walio kwenye hatari hiyo bila kujua.

Hesabu ya shamba

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba chupa ya mwezi mmoja inauzwa Sh40,000. Kwa mwaka ni Sh480,000. Mkulima akiuza korosho ghafi kwa Sh2,000 kwa kilo, atahitaji kilo 240 ili azinunue chupa hizo. Kama mkorosho mmoja unampa kilo 10, basi miti 24 imefanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya vidonge vinavyoshusha presha kwa vizio viwili.

Jambo linalosikitisha ni kwamba madini yaliyomo ndani ya chupa yalikuwa shambani kwake. Gramu 100 za korosho zina takriban miligramu 290 za magnesiamu na 660 za potasiamu. Gramu 100 za ufuta usiokobolewa zina miligramu 350 za magnesiamu na zaidi ya 900 za kalsiamu, ingawa sehemu ya kalsiamu hiyo haifyonzwi na mwili kwa sababu imeshikamana na maganda. Gramu 100 za mbaazi kavu zina takriban miligramu 1,390 za potasiamu na 180 za magnesiamu. Viazi vitamu gramu 300 vinatoa potasiamu miligramu 1,000 hivi, na nusu lita ya maji ya dafu hukaribia kiwango hicho hicho.

Ukijumlisha sahani ya mbaazi ya gramu 100 kabla ya kupikwa, viazi vitamu gramu 300, gramu 50 za ufuta na dafu moja kubwa, potasiamu inafikia miligramu 3,600 kwa siku. Hapo mchicha, matembele na kisamvu havijahesabiwa. Sehemu fulani hupotea mpishi anapomwaga maji ya kuchemshia, kwa hiyo ni busara maji ya mbaazi na ya viazi yabaki kwenye mchuzi. Magnesiamu ya mlo huo nayo haiko mbali na dozi ya vidonge vilivyotumika katika yale majaribio 34.

Mlo wa namna hii umepimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la mlo unaojulikana kwa jina la DASH, wenye mboga, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Kwa waliokuwa na shinikizo la juu la damu, presha ya juu ilishuka kwa vizio 11.4 ikilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida cha Wamarekani. Chakula kizima kilifanya kazi ambayo dini moja moja ya madini kwenye chupa haijawahi kuikaribia. Angalizo ni lile lile: mwenye ugonjwa wa figo apate ushauri wa daktari kabla ya kuongeza vyakula vyenye potasiamu nyingi.

Tatizo la Lindi ni mpangilio wa mauzo. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ufuta na mbaazi navyo vimeingizwa katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwa korosho ulianza msimu wa 2007/08. Mfumo huo umempa mkulima ushindani wa bei mnadani, na hakuna haja ya kuubeza. Lakini kaya nyingi hupeleka ghalani kila kilo na kurudi na fedha, kisha fedha hizo hununua mchele mweupe, soda na chumvi ya ziada. Kaya ya watu watano ikitaka kila mtu ale gramu 50 za ufuta kwa siku, itahitaji kilo 91 hivi kwa mwaka. Hilo si gunia la kushindikana kwa mkulima wa ufuta. Ni suala la kuamua, kabla ya kwenda ghalani, kwamba gunia moja ni la nyumbani.

Chumvi: tatizo na fursa

Hakuna mazungumzo ya presha yatakayokamilika bila chumvi, na hakuna mazungumzo ya chumvi nchini yanayoweza kuikwepa pwani ya Lindi na Kilwa, ambako maji ya bahari huingizwa kwenye mashamba ya chumvi na kuachwa yakauke kwa jua.

WHO inataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichika ndani ya ng'onda, papa mkavu, mkate na vidonge vya kukolezea mchuzi. Anayekula ng'onda mchana na kuongeza chumvi mezani amekwisha kuvuka mpaka kabla ya jioni. Ng'onda akilowekwa na maji yakamwagwa, chumvi hupungua. Hiyo ni hatua isiyo na gharama.

Wapo wanaodai kwamba chumvi ya bahari isiyosafishwa haina madhara kwa sababu ina madini mengi. Dai hilo halina msingi. Maji ya bahari yanapokauka, chokaa hutangulia kuganda, kisha jasi, kisha chumvi yenyewe, ambayo ni kloridi ya sodiamu. Magnesiamu na potasiamu kwa sehemu kubwa hubaki kwenye yale maji machungu ambayo mzalishaji huyamwaga. Chumvi ya shambani, iwe nyeupe au ya kijivu, ni sodiamu ile ile.

Lakini dunia imeanza kununua chumvi ya aina nyingine. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 600 nchini China kwa watu 20,995 ambao walikuwa wamewahi kupata kiharusi, au walikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi wenye presha isiyodhibitiwa. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi yenye asilimia 75 ya kloridi ya sodiamu na asilimia 25 ya kloridi ya potasiamu. Baada ya takriban miaka mitano, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Wenye ugonjwa mkubwa wa figo na wanaotumia dawa zinazobakiza potasiamu hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Mwezi Januari 2025 WHO ilitoa mwongozo unaopendekeza, kwa masharti, chumvi ya namna hiyo itumike majumbani badala ya ya kawaida, isipokuwa kwa watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo.

Hapo ndipo wazalishaji wa Lindi na Kilwa wanapaswa kufungua macho, tena kwa hesabu kamili. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 27 hivi za chumvi ya kawaida, lakini haifikishi hata gramu moja ya kloridi ya potasiamu. Kwa kila tani ya chumvi inayovunwa, maji machungu hubaki na kilo 28 tu za kloridi ya potasiamu, hata kama ingewezekana kuitoa yote. Mchanganyiko wa China unahitaji kilo 333 kwa kila tani ya chumvi ya kawaida. Maana yake, potasiamu italazimika kuagizwa kutoka nje, na chumvi hiyo itakuwa ghali kuliko ya sasa. Faida ya pwani itakuwa kwenye kusafisha, kuchanganya, kufungasha na kuuza, si kwenye kuikamua potasiamu kutoka baharini.

Onyo moja lazima litolewe kwa wasomaji wa kurasa za kilimo. Mbolea ya MOP ni kloridi ya potasiamu, na bei yake inaweza kumvutia mtu asiye mwangalifu. Mbolea hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Mtu asithubutu kuichanganya na chumvi ya chakula. Vilevile maji machungu ya shamba la chumvi si dawa ya magnesiamu. Yana chumvi kali, huharisha, na hakuna anayejua dozi iliyomo kwenye kikombe.

Nani afanye nini

Kwanza, chumvi yoyote mpya ni lazima iwe na madini joto. Tanzania ilianza kulazimisha uwekaji wa madini joto kwenye chumvi katikati ya miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2004 zaidi ya kaya nane kati ya kumi zilikuwa zikitumia chumvi hiyo. Ugumu umebaki kwa wazalishaji wadogo wa pwani, ambao wengi hawana mashine ya kunyunyizia wala maabara ya kupimia. Kupunguza chumvi hakupingani na madini joto, kwani kiwango chake kinaweza kurekebishwa kulingana na kiasi cha chumvi kinacholiwa. Wazalishaji wakiungana kununua mashine moja, itawatumikia leo kwa madini joto na kesho kwa mchanganyiko wa potasiamu.

Pili, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula, linapaswa kuhakikisha kwamba chumvi yenye potasiamu inapoingia sokoni inakuwa na lebo ya Kiswahili inayomwonya mwenye figo na anayetumia dawa za presha. Virutubisho vya chupa navyo viandikwe kiasi halisi cha madini, na muuzaji anayemwambia mgonjwa aache dawa achukuliwe hatua.

Tatu, vyama vya msingi vya ushirika vina kitu ambacho sekta ya afya inakihangaikia: orodha ya wakulima na siku ambayo wote hukusanyika. Siku ya mnada, mhudumu wa afya mwenye mashine ya kupimia presha anaweza kuwaona watu wengi kuliko anaowaona zahanati kwa wiki nzima. Atakayekutwa na presha ya 140 kwa 90 au zaidi aelekezwe kituoni akapimwe tena. Tofauti na mwenye meza ya virutubisho, mhudumu huyo hatakuwa na chupa ya kuuza.

Nne, mkulima mwenyewe. Aliyeandikiwa dawa azimeze kila siku, hata siku anazojisikia mzima, kwa sababu presha haipigi hodi. Akitaka kuongeza kirutubisho, aende nacho kwa daktari au mfamasia kabla ya kukifungua. Na kabla ya kupeleka mazao ghalani, atenge gunia la ufuta, debe la mbaazi na korosho za kubangua nyumbani.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mkazi wa Mtanda, kinga hiyo haiko mbali. Iko kwenye kinu, kwenye chungu cha mbaazi na kwenye mkono unaojizuia kuongeza chumvi. Tiba nayo ipo, imepimwa, na inapatikana hospitalini. Kilichobaki ni kuacha kuilipia korosho ya mwaka mzima ahadi ambayo chupa haiwezi kuitimiza.